Haijafanyika na Haikufanyika: Tulivyojitengenezea Programu ya Kazi Zetu

Karibu kila mwanachama mpya hutuuliza swali lilelile: kwa nini mlijisumbua kutengeneza programu yenu wenyewe ya kusimamia kazi, ilhali mtandaoni zimejaa programu za namna hiyo, na nyingine ni za bure? Tumelijibu mara nyingi kwa mdomo, kila mmoja wetu kwa namna yake. Safari hii tumeona tulijibu kwa maandishi, sote pamoja, ili atakayekuja baada yetu apate pa kuanzia.

Kwanza tuseme sisi ni nani. Kikundi chetu kilizaliwa ndani ya chama hiki cha Kiswahili mwaka 2021, tukiwa watu sita. Kazi yetu ilikuwa kuwasaidia wazee na familia wanaozungumza Kiswahili: kuwasomea barua, kuwapeleka wanakokwenda, kukaa nao katika mikutano ya wazazi na walimu, kuwasaidia watoto hesabu za shule jioni. Baadaye wengine wetu walihitimu wakahamia Louisville, wengine wakaenda Buffalo, wengine tukabaki Columbus. Kila aliyehama alikuta huko alikokwenda mahitaji ni yaleyale, kwa hiyo kazi haikupungua, bali iliongezeka mara tatu. Barabara kuu ya I-71 inatoka Louisville hadi Columbus, kama maili 210. Kutoka Columbus hadi Buffalo ni kama maili 330 nyingine. Si miji ya kutembeleana kila wiki.

Wasemaji wa Kiswahili katika miji hii si wachache. Columbus ina jamii ya Wasomali ambayo ni ya pili kwa ukubwa nchini Marekani baada ya ile ya Minneapolis, na ndani yake wamo Wasomali Wabantu na wengine waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, wakatoka huko na Kiswahili chao. Katika mwaka wa fedha wa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 16,000. Wengi wao walikuwa wamekaa miaka mingi Nyarugusu, mkoani Kigoma, au Nakivale nchini Uganda. Louisville na Buffalo ni miongoni mwa miji iliyowapokea. Leo unaweza kuingia duka linalouza unga wa muhogo upande wa magharibi wa Buffalo ukasalimiwa kwa Kiswahili kabla hujafunga mlango.

Tulipokuwa sita, kundi moja la WhatsApp lilitutosha. Mtu akiandika, "Nani anaweza kumpeleka Mama kliniki Alhamisi?" wote tuliona, mmoja alijibu, basi. Mwishoni mwa masika ya 2022 tulikuwa tumekaribia arobaini, na makundi ya WhatsApp yalikuwa kumi na moja. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta huko IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi huongeza pia njia za mazungumzo baina yao, tena kwa kasi kuliko watu wenyewe. Hesabu yake ni rahisi. Watu sita wana jozi 15 za watu wanaoweza kuhitaji kuzungumza. Watu arobaini wana jozi 780. Sisi tuliiona hesabu hiyo kwenye simu zetu: ujumbe mmoja kuhusu mtoto mmoja wa darasa la nne ulikuwa umezama chini ya picha za harusi, mawaidha ya Ijumaa na video za mpira.

Kilichotuokoa wakati ule kilikuwa daftari la dada mmoja. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, lenye mistari, na ndani yake aliandika nani anahitaji nini, nani ameahidi, na siku gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, ila lilikuwa moja na lilikuwa mkobani mwa mtu mmoja. Kisha dada yule akapata kazi nzuri katika jimbo jingine, aondoke mwezi wa Agosti. Tulimfurahia, tukampikia pilau, na usiku uleule tukakaa mezani kujiuliza daftari litabaki vipi baada ya mwenyewe kuondoka.

Tulijaribu kwanza programu zilizopo. Wawili kati yetu wanasoma sayansi ya kompyuta, nao ndio waliokuwa wa kwanza kutushauri tusitengeneze chochote kama tunaweza kuepuka. Programu uliyoitengeneza mwenyewe, walisema, ni kama ng'ombe: maziwa utapata, lakini kila asubuhi lazima umpeleke malishoni. Tukatumia programu moja mashuhuri kwa wiki sita, kisha nyingine kwa mwezi mzima. Zote zilifanya kazi kama zilivyoahidi. Shida ni kwamba zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya timu ya ofisini, inayotengeneza kitu kimoja, yenye watu wanaojua Kiingereza na wanaokaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Wazee wetu wa kujitolea hawakuzifungua mara ya pili.

Haikuwa jambo geni. Kampuni ya 37signals ya Chicago ilitengeneza programu ya Basecamp kwa sababu ilihitaji njia ya kusimamia kazi zake yenyewe, na mwaka 2004 ikaanza kuiuza. Programu nyingi za kazi ni kumbukumbu ya jinsi kikundi fulani kilivyofanya kazi zake, na anayeitumia huazima mazoea ya kikundi kile pamoja na programu yenyewe. Tuliamua kuanza na mazoea yetu. Kwa wiki tatu hakuna aliyegusa kompyuta. Tulikutana kwa simu kila Jumapili jioni, na kazi yetu ilikuwa moja: kukubaliana juu ya maneno.

Neno la kwanza kutushinda lilikuwa lile la kusema kazi iko wapi. Programu za Kiingereza tulizojaribu zilikuwa na safu mbili kubwa, kazi iliyokwisha na kazi ambayo haijaisha. Mzee mmoja wa Louisville, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya vita kumhamisha, alisikiliza mjadala wetu kwa muda, kisha akauliza, "Wanangu, mnaposema haijaisha, mna maana haijafanyika au haikufanyika?"

Tulinyamaza. Kila mmoja wetu aliyekaa darasa la Kiswahili mwaka wa kwanza anakumbuka somo lile: *-ja-* na *-ku-*. Haijafanyika ni kazi ambayo bado inatarajiwa. Haikufanyika ni kazi ambayo wakati wake umepita, na kilichobaki ni kujua kwa nini na kuamua hatua inayofuata. Katika orodha ya Kiingereza kazi hizi mbili hukaa safu moja, zikifanana. Kwetu sisi tofauti yake ni mtoto ambaye mkutano wake na mwalimu ni kesho, na mtoto ambaye mkutano wake ulikuwa jana na hakuna aliyekwenda. Wa kwanza anahitaji mtu wa kumsindikiza. Wa pili anahitaji mtu wa kupiga simu shuleni leo hii, kabla ya saa za ofisi kwisha.

Hapo ndipo sarufi ikawa msingi wa programu yetu. Kila kazi ina hali moja kati ya tano: imeombwa, imepokelewa, haijafanyika, imefanyika, haikufanyika. Siku ya kazi ikipita bila mtu kuandika lolote, programu yenyewe huitoa kwenye haijafanyika na kuiweka kwenye haikufanyika, na hapo haikubali kuifunga mpaka mtu aandike sababu na hatua inayofuata. Sababu haiandikwi ili kumlaumu mtu. Mara nyingi ni basi lililochelewa, au ofisi iliyobadilisha siku bila kumwambia mtu yeyote.

Neno la pili lilikuwa mwenye kazi. Kundini mtu akiomba msaada, watu wanane wangeandika "tuko pamoja", na kila mmoja akaamini wale saba wengine ndio watakaokwenda. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hiyo kila kazi ina jina moja tu la mwenye kazi. Wasaidizi wanaweza kuwa wengi wapendavyo. Lakini adabu yetu ilitaka kuangaliwa pia. Mtu wetu mstaarabu haambii mwenzake "hapana" waziwazi. Husema "nitajaribu" au "tutaona, Mungu akipenda", na anayemjua huelewa kwamba hataweza. Kompyuta haielewi. Tukaondoa kitufe cha kukataa, tukaweka kilichoandikwa "Safari hii sina nafasi". Kitu kidogo, lakini ndicho kilichowafanya mama zetu waanze kujibu. Neno lile halimvunjii mtu heshima, na mratibu anajua mapema kwamba atafute mwingine.

Neno la tatu lilikuwa saa, na hapa tunaomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasome taratibu. Mzee mmoja alipigiwa simu na ofisi moja, na aliyekuwa akitafsiri kwenye simu alimwambia afike "saa nane". Karatasi ya ofisi ilisema 8:00 asubuhi. Mzee alifika saa nane kweli, saa nane mchana, akiwa amevaa suti, akaambiwa miadi yake imepita saa sita zilizotangulia na arudi baada ya miezi miwili. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na karibu na ikweta jua halibadiliki sana mwaka mzima. Lakini njoo Louisville mwezi wa Desemba. Mji ule uko upande wa magharibi kabisa wa ukanda wake wa saa, na saa mbili asubuhi ndiyo kwanza jua linachungulia. Buffalo, yenye saa ileile, kumeshakucha. Mama mmoja alituambia kwamba nchi hii imemwibia saa mbili asubuhi yake.

Baadhi yetu tuliosoma shule za Kifaransa tumezoea pia kuhesabu saa kama ilivyo kwenye saa ya ukutani. Hivyo haikufaa kudhani lolote. Katika programu yetu anayeweka kazi huingiza tarakimu kama simu yake inavyoonyesha, na programu huandika maneno: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa moja jioni. Vyote viwili huonekana pamoja kila mahali, hata katika ujumbe mfupi wa kukumbusha. Mwezi nao huandikwa kwa jina lake, kwa sababu 3/4 hapa Marekani ni Machi 4, na kwa aliyesoma Bukavu au Tanga ni Aprili 3.

Majina yalituchukua jioni mbili. Fomu za hapa hutaka jina la kwanza na la mwisho. Mkongomani ana jina, jina la baada na jina la ubatizo, na karatasi zake tatu zinaweza kuyapanga kwa njia tatu. Tukaweka nafasi mbili tu. Ya kwanza ni jina lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, lisiguswe wala kupangwa upya. Ya pili inauliza: aitwe vipi? Hapo huandikwa Mama Neema, Mzee, Papa Joseph, Bibi, Shangazi. Kijana wa miaka kumi na tisa anayepokea kazi hujua kabla hajabisha hodi atamwamkia nani shikamoo.

Mjadala mkali kuliko yote ulikuwa juu ya vitu ambavyo programu isiandike. Wengine walitaka kila kitu kiwemo: ugonjwa, dawa, hali ya makaratasi ya uhamiaji, nani amegombana na nani. Walikuwa na hoja. Msaidizi anayejua mengi husaidia vizuri zaidi. Upande mwingine ulisema familia hizi zimeandikwa maisha yao yote. Zimeandikwa mpakani, zimeandikwa kambini, zimehojiwa upya kila hatua. Tukiandika ugonjwa wa mtu ndani ya hifadhidata, tumeuweka mikononi mwa kila atakayewahi kupata nenosiri letu. Jibu tulilokubaliana ni kwamba programu inaandika kazi, haiandiki mtu. "Kumpeleka miadi, Jumatano, saa nne asubuhi, anahitaji gari lenye nafasi ya kiti cha magurudumu." Basi. Kwa nini anakwenda ni siri yake. Baada ya siku tisini kazi iliyokwisha hufutika yenyewe, ikabaki tarakimu tu kwamba kazi ilikuwepo. Taasisi moja iliwahi kutuahidi fedha kama tungeiletea orodha ya majina na anwani. Tuliwauliza wenye majina. Hawakutaka, na fedha hatukuzichukua.

Jambo hilo linahusiana na jingine. Tangu Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu haziruhusiwi kuwabagua watu kwa sababu ya asili yao, na kutokana na sheria hiyo hutakiwa kuchukua hatua za kuwafikia wasiojua Kiingereza vizuri. Hospitali na mahakama si mahali pa mwanafunzi wa kujitolea kubahatisha maneno. Kwa hiyo ukichagua "hospitali" au "mahakama", programu haikupi kazi ya kutafsiri. Inakupa kazi nyingine: kumsaidia mhusika aombe mkalimani rasmi mapema. Watu wengi tuliokutana nao hawakujua kwamba wanaweza kumwomba, na watoto wao ndio waliokuwa wakibeba mzigo ule.

Tulikuwa na wazo pia la kuhesabu: nani amefanya kazi ngapi mwezi huu, na jina lake liwe juu. Vijana walilipenda. Mama mmoja wa Columbus, ambaye kwa miaka amewapikia watoto wa masomo ya jioni, alilikataa kwa sentensi moja: "Mkianza kunihesabia, na mimi nitaanza kuhesabu." Orodha ile haikuingia.

Programu ilianza kutumika Oktoba 2022. Tuliitengeneza kwa Django na hifadhidata ya PostgreSQL, ukurasa mwepesi unaofunguka hata kwenye simu ya zamani, na kila kazi hutumwa pia kwa ujumbe mfupi, kwa sababu mzee hapaswi kulazimika kupakua kitu ili amsaidie jirani. Miezi miwili baadaye ikaja tufani ya theluji.

Buffalo imezoea theluji, lakini ile ya Desemba 2022, iliyoanza tarehe 23, haikuwa ya mazoea. Magari yalipigwa marufuku barabarani, umeme ulikatika katika nyumba nyingi, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha katika eneo hilo. Wenzetu wa Buffalo walikuwa wamefungiwa majumbani, baadhi bila umeme, wakiogopa kumaliza chaji ya simu. Orodha yao ya wazee wanaoishi peke yao ilikuwa ndani ya programu: jina la kumwita, namba ya simu, lugha anayoipenda. Mratibu wa Buffalo alituma maneno mawili, "Pigeni nyinyi", akazima simu yake.

Watu wa Louisville na Columbus waligawana majina yale. Kila nyumba iligeuzwa kazi, kila kazi ikapata mwenyewe mmoja. Ilipofika jioni ya Krismasi tulikuwa tukitazama safu mbili. Haijafanyika maana yake bado hatujapiga, au tumepiga na tutarudia. Haikufanyika maana yake tumepiga mara tatu, hakuna jibu, na sasa lazima apatikane jirani wa kubisha mlango kwa miguu. Majina matatu yalifika safu ile ya mwisho. Majirani walipatikana kwa wote watatu. Mmoja alikuwa amelala chini ya mablanketi manne na simu imezimika. Wa pili alikuwa kwa mwanawe. Wa tatu, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa ameishiwa dawa siku mbili, na jirani alitembea kwenye theluji iliyomfika magotini kumpelekea chakula mpaka gari la dharura lilipoweza kupita. Hatudai kwamba programu ndiyo iliyobisha milango. Lakini watu wa miji miwili ya mbali walijua, bila kuulizana, mlango gani ubishwe kwanza.

Leo tunaendelea kumlisha ng'ombe wetu. Kila mwezi kuna kitu cha kurekebisha, na wale wawili waliotuonya hutukumbusha kwamba walituonya. Tumeandika mwongozo wa kurasa kumi na mbili, na tumeweka sharti kwamba katika kila mji wawepo angalau watu wawili wanaoweza kuifungua programu ikilala, ili lisitupate tena jambo la daftari moja mkobani mwa mtu mmoja.

Kwa vyama vingine vya Kiswahili vinavyofikiria kufanya kama sisi, ushauri wetu ni mfupi. Kama programu iliyopo inawatosha, itumieni, mshukuru Mungu. Kama haiwatoshi, msianze na kompyuta. Kaeni na wazee wenu jioni kadhaa, muulizane mnaita nini kazi, nani mwenyewe, na lini mtasema imefanyika. Sisi bado tuna neno moja lililotushinda: wa pwani tunataka "miadi", wa Kongo tunataka "randevu", na kura imegawanyika sawa kwa sawa. Mkutano wa kulimaliza ni Jumapili ijayo, saa moja jioni, ambayo kwenye simu yako itaonekana 7:00. Karibuni.